Usivuke jiji kutafuta picha, mtaa wako unayo

Kila Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri, barabara za kuingia katikati ya Dar es Salaam hujaa misafara ya harusi. Utaiona ikitoka Kimara, Gongo la Mboto, Mbagala, Goba na Bunju: pikapu ya wapiga matarumbeta imetangulia, gari la maharusi linafuata likiwa limefungwa utepe, na nyuma yake Noah tatu nne za ndugu. Hawaendi ukumbini. Ukumbi uko kulekule walikotoka. Wanakwenda kupiga picha. Wanaelekea ufukweni Oysterbay, au kwenye bustani ya hoteli fulani, au karibu na Daraja la Tanzanite, kisha wageuze warudi pembezoni, ambako waalikwa wamekaa kwenye viti wakimsubiri bibi harusi aliyekwama kwenye foleni.

Mtindo huu haujaishia kwenye harusi. Idi, kipaimara, ubatizo, mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne, mtoto kutimiza mwaka mmoja, kila tukio sasa lina kituo chake cha picha, na ni kana kwamba kuna amri kituo hicho kiwe mbali na nyumbani.

Msimamo wangu ni huu: nyingi ya safari hizi hazina sababu. Mitaa ya pembezoni tunakoishi ina mandhari ya kutosha picha yoyote ya familia, na wengi hatuyaoni kwa sababu tunatafuta mapambo tukasahau mwanga. Lakini nina hofu nyingine iliyo kubwa zaidi. Maeneo haya tunayoyapita bila kuyatazama yanamegwa, yanazungushiwa ukuta, yanajengwa fremu za maduka. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Sisi mbachao tunauacha, na wapo wanaoukunja na kuondoka nao.

Mwanga kwanza

Muulize mpiga picha yeyote anayeishi kwa kazi hiyo ni nini kinachoipa picha uhai. Atakwambia mwanga. Chemchemi za hoteli, ngazi za marumaru na maua yaliyokatwa kwa mkasi huja baadaye sana katika orodha yake. Mahali palepale, mtu yuleyule na nguo ileile, ukipiga saa saba mchana na ukarudia saa kumi na moja na nusu jioni, utapata picha mbili ambazo huwezi kuamini zimetoka siku moja.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua letu hupanda wima na kushuka wima. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, adhuhuri linasimama utosini kabisa, na miezi mingine haliendi mbali sana na hapo. Mwanga unaoshuka kutoka juu huweka kivuli machoni, chini ya pua na chini ya kidevu. Bibi harusi aliyeingia saluni tangu alfajiri anatoka kwenye picha akiwa na paji la uso linalong'aa na macho yasiyoonekana. Mpiga picha analaumiwa, kamera yake inadharauliwa, na hakuna anayekumbuka kuuliza ilikuwa saa ngapi.

Nyota njema huonekana asubuhi, na katika kazi ya picha kauli hiyo ni kweli tupu. Tangu jua linapochomoza hadi kama saa mbili, mwanga hulala. Huugusa uso kutoka ubavuni, huonyesha mkunjo wa kitenge na nyuzi za kikapu, na hauumizi macho ya watoto. Jioni nafasi hiyo hurudi kuanzia kama saa kumi na nusu. Lakini ukanda wetu hauna machweo ya kusuasua. Kutegemea mwezi, jua la Dar huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro dakika kumi, na likishazama giza halikawii.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Msafara umetoka Goba saa tisa na nusu, umekaa foleni, umefika ufukweni saa kumi na mbili kasoro robo. Umebakiwa na nusu saa, ukibahatika saa moja. Muda huo wagawane maharusi, wazazi wa pande mbili, wasimamizi, mashangazi, kamati nzima na wafanyakazi wenzake bwana harusi. Mwanga bora wa siku ile umeishia kwenye vioo vya magari. Kwa nini tusingeutumia Goba?

Na kwa wale ambao shughuli yao haiwezi kungoja jioni, dawa ya jua la mchana inaota mitaani bure. Ni mwembe. Mwembe mkubwa hutoa kivuli kizito, kisicho na madoa, tofauti na cha mnazi kinachochora mistari usoni. Usimweke mtu katikati, karibu na shina, ambako rangi ya majani humfanya aonekane mgonjwa. Mweke ukingoni mwa kivuli, uso ukielekea nje penye anga wazi. Hapo ngozi hupata mwanga laini, na macho hupata kile kinukta cheupe kinachomfanya mtu aonekane yuko hai.

Nilimtazama kijana mmoja akifanya kazi hiyo kwenye uwanja wa mpira wa mtaani kwetu. Alikuwa anampiga picha binti wa kipaimara, gauni jeupe, viatu vimeshashika vumbi jekundu. Alimsimamisha ukingoni mwa kivuli cha mwembe, akawaita watoto wawili waliokuwa wanacheza gololi, akawapa shuka nyeupe waishike kila mmoja pembe zake mbili, usawa wa magoti. "Inueni kidogo upande wa huku, wadogo zangu." Shuka ilipoinama, uso wa binti uliwaka kutoka chini, kivuli cha kidevu kikafutika. Mama mzazi hakuridhika. "Mwanangu, nyuma hapo si kuna banda la kuku?" Kijana akamwonyesha kioo cha kamera. "Halimo, mama. Tazama mwenyewe." Halikuwemo kweli. Kulikuwa na kijani kilichofifia, na mbele yake mtoto wake, mzuri kuliko alivyomwona asubuhi akitoka kanisani. "Mdogo wangu, usiniangalie mimi," kijana akaendelea, "angalia pale dukani kwa Mangi." Binti akatazama dukani, akacheka kwa jambo aliloliona huko, na picha ikapatikana.

Utaalamu wote wa kutafuta lokesheni umo humo. Kijana yule hakutafuta mahali pazuri. Alitafuta mwanga mzuri, kisha akaangalia ni vitu gani vya nyuma aviache nje ya picha: banda, nguzo ya umeme, nyaya, mfuko wa plastiki ulionasa kwenye michongoma. Hatua tatu kushoto mara nyingi zinatosha. Mwenye kupiga kwa simu naye ana lake la kujifunza. Simu nyingi zikiona anga jeupe nyuma ya mtu hupunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi yetu nyeusi ikamezwa. Gusa uso kwenye kioo ili simu ipime mwanga hapo, au mgeuze mtu, nyuma yake pawe na ukuta wa michongoma badala ya anga.

Bahari ina upande wake

Najua watakaosema: mtaani hakuna bahari. Ni kweli, na bahari ni nzuri. Ila wengi wanaoikimbilia jioni hawajauliza swali moja dogo: jua linazama upande gani?

Ufukwe wa Dar es Salaam, kuanzia Coco hadi Mbezi na Kunduchi, unatazama mashariki. Jua huchomoza majini na kuzama nyuma ya nyumba. Wale vijana wanaofika Coco saa kumi na mbili jioni wakitaka picha ya jua jekundu likiingia baharini watakula mihogo na watarudi bila hiyo picha, kwa sababu haipo. Anayetaka jua na maji kwa pamoja aende alfajiri, wakati ufukwe ni wa wavuvi na wakimbiaji, hakuna muziki wala msongamano. Au avuke Magogoni aende upande wa Kigamboni, ageuke kutazama jiji, alione jua likishuka nyuma ya maghorofa. Unguja ni kinyume. Mji Mkongwe unatazama magharibi, na ndiyo maana bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, hujaa familia kila jioni. Pale mtoto wa mvuvi na mtalii wanapiga picha kwenye ukuta uleule, chini ya jua lilelile.

Kuna maji kupwa na kujaa pia. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu kwenye pwani yetu inapita mita 3. Mchanga mpana ulioupenda asubuhi unaweza kuwa umefunikwa wote alasiri, na gauni refu la kukodi likalowa hadi magotini. Wavuvi wanayajua haya kwa kutazama mwezi. Waulize.

Kilichopo huku kwetu

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwa hili nitamwambia. Pembezoni mwa Dar es Salaam ni nchi ya vilima na mabonde. Goba, Makongo Juu, Madale na Wazo kuna miinuko ambako jioni upepo unapita na mji unaonekana uko chini. Barabara za udongo mwekundu ambazo tunazilalamikia, na tuna haki ya kuzilalamikia, jioni ya kiangazi hurusha mwanga wa joto usoni mwa mtu ambao hakuna taa ya studio inayoutoa kirahisi. Mikorosho iliyobaki Chanika na Kigamboni ina matawi yanayoinama hadi chini, ambapo mtoto anaweza kukaa bila kupanda. Novemba na Desemba mikrismasi inawaka nyekundu kwenye kona ambazo mwaka mzima hakuna anayezitazama. Mvua za masika zikikatika kwa saa mbili, vumbi limeoshwa na anga liko safi, ni wakati wa kumwita mpiga picha haraka.

Hata nyumba zisizokwisha zina kazi. Ukuta wa tofali za saruji usiopigwa plasta ni mandhari tulivu kuliko bustani ya plastiki. Mlango ulio wazi wa nyumba iliyoezekwa lakini haijakwisha hutoa mwanga wa ubavuni sawa na dirisha la studio. Atakayeona naishusha hadhi ya picha amkumbuke Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948, na picha zake nyingi alizipiga uani, kwa mwanga wa jua, akitundika kitambaa nyuma ya wateja. Kitambaa chake cha kwanza kilikuwa kifuniko cha kitanda chake mwenyewe. Leo picha hizo ziko kwenye majumba makubwa ya makumbusho duniani. Waliopigwa walikuwa makarani, mafundi cherehani, akina mama na watoto wa mtaa. Kama ua wa Bamako ulitosha kwa hayo, ua wa Kibada utashindwaje na picha ya ubatizo?

Na ziko hazina ambazo ni zetu sote na tunazipita tu. Kunduchi, hatua chache kutoka kwenye hoteli ambazo watu hulipia kuingia, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yamezungukwa na mibuyu. Nguzo zile zilipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Mengi yameshang'olewa, yamebaki matundu ya duara kwenye chokaa, na asubuhi jua likiingia kwa upande kila tundu hujaza kivuli chake. Ni mahali pa heshima. Wamelala watu pale, na pako chini ya watu wa mambo ya kale, kwa hiyo mtu aulize, apate ruhusa, na asikanyage kaburi wala kuliegemea. Lakini ni wazazi wangapi wa Tegeta na Mbezi wamewahi kumpeleka mtoto pale, wakampiga picha na kumweleza babu zake walikuwa wanafanya biashara na nani? Upande wa pili wa jiji, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko mlangoni kwa wakazi wa Gongo la Mboto, Chanika na Kisarawe. Una njia za kutembea na miti mikubwa ambayo Dar nyingine imeshaisahau. Na chuo kikuu, Mlimani, kuna Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa kwenye noti ya shilingi 500 kabla haijaondolewa kwenye mzunguko mwaka 2025, ambao watu waliuweka mfukoni kila siku na hawajawahi kwenda kuutazama.

Mahali pamoja napakataa kabisa, na nalisema kwa wazazi: relini. Vijana wanapenda mistari miwili inayokutana mbali. Reli ya TAZARA na ya zamani bado zina treni, na ile ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, inaendeshwa kwa umeme na treni yake haikupi muda wa kukusanya viatu. Hakuna picha inayostahili hilo.

Gharama inayobebwa na kaya

Tuseme ukweli kuhusu fedha. Msafara wa picha ni mafuta ya magari yote, ni posho ya madereva, ni wapiga matarumbeta kuongezewa saa, ni kiingilio cha bustani, na mara nyingi ni soda za lazima kwa sababu "hapa huruhusiwi kupiga picha bila kununua kitu." Fedha hizo zinatoka kwenye michango. Aliyechangia ni mwalimu, ni mama lishe, ni kijana wa bodaboda aliyebanwa na kadi ya mwaliko hadi akakopa. Kamati inakaa wiki kadhaa ikibishana kuhusu idadi ya vyakula, kisha bila mjadala inapitisha fungu la kwenda kupiga picha mahali ambapo maharusi hawajawahi kuishi, hawajawahi kucheza, wala hawatarudi.

Kwa familia isiyo na kamati ni vibaya zaidi. Mama mwenye watoto watatu akiona kwamba picha ya Idi haiwezi kupigwa ila kwa nauli ya kwenda mjini na kurudi, na kiingilio juu yake, atafanya nini? Ataacha. Mwaka unapita, watoto wanakua, na albamu ya nyumba ile inabaki na picha za pasipoti. Mtoto wa Mbagala ana haki ya kuwa na picha ya utotoni yenye uso wake wote, mwanga mzuri, na nyumbani kwao nyuma yake. Miaka thelathini baadaye atakachokitafuta kwenye picha hiyo ni ule mwembe, lile duka, ile nyumba ya bibi kabla haijabomolewa. Chemchemi ya hoteli haitamwambia kitu.

Na mcheza kwao hutunzwa. Kila kata ina vijana wenye kamera za mkopo wanaojua kona za mtaa wao kuliko mtu yeyote. Mkibaki mtaani, kazi inabaki kwao, na dada wa juisi pale kona naye anauza. Mkiondoka, fedha mnaipeleka kwa mwenye bustani asiyewajua.

Adabu ya kamera

Kubaki mtaani kuna masharti yake. Macho hayana pazia, lakini kamera inapaswa kuwa nalo. Ua wa jirani si jukwaa. Nguo zake zilizoanikwa, mgonjwa wake aliyeota jua barazani na watoto wake wanaokwenda bafuni si mapambo ya picha yako. Piga hodi, msalimie mwenye nyumba, omba. Mtanzania akiombwa vizuri ni nadra akatae, na mara nyingi atawaletea kiti. Mtoto wa mtu asipigwe bila mzazi kujua, na picha yake isirushwe mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya namna ya kukusanya na kutumia taarifa za watu, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kambi za jeshi na majengo ya ulinzi usiyaelekezee kamera hata kwa bahati mbaya. Mabinti wasiende peke yao kwenye magofu au vichakani na mpiga picha wasiyemjua. Waende wawili au watatu, na nyumbani wajue wako wapi. Vibaka nao wanajua saa za mwanga mzuri.

Maeneo ya wazi yanakwenda wapi?

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikawakuta milioni 5.38. Hao milioni moja wa ziada hawakuhamia Kariakoo. Wengi wamejenga huku kwetu, na kila aliyejenga amejenga hadi mpakani. Viwanja vya mpira ambavyo kizazi changu kilivikuta vimekatwa nusu kwa fremu za maduka, nusu iliyobaki ikawa maegesho ya bajaji. Mabonde yamejazwa vifusi. Mwembe ambao ungempa binti mwingine wa kipaimara kivuli chake umekatwa mkaa.

Wala si kwamba hakuna aliyepanga. Mradi wa viwanja 20,000 uliotekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Toangoma, Buyuni na kwingineko, ulipimwa ukiwa na michoro yenye maeneo ya wazi, shule na viwanja vya michezo. Sheria ya Mipango Miji ipo tangu 2007. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari na kingo za mito. Basi mbona ukitembea kutoka Msasani kwenda Kunduchi kwa mguu kando ya maji unakutana na kuta? Nani alizijenga, na nani alitazama pembeni wakati zinajengwa?

Majirani zetu wameonyesha kwamba ardhi ya umma inaweza kuokolewa. Nairobi ilikaribia kuupoteza msitu wa Karura mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipokuwa umeshagawiwa wajenzi. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche pale, Januari 1999 wakashambuliwa na kujeruhiwa, lakini msitu ukabaki. Leo ni zaidi ya hekta 1,000 za miti, njia za miguu na maporomoko ya maji, umezungukwa na makazi pande zote. Kigali nayo ililichukua bonde la Nyandungu lililokuwa limeharibika, hekta zaidi ya 120, ikalirudishia uoto na maji, na mwaka 2022 ikalifungua kwa watu. Kwetu kuna Msimbazi. Mradi wa kuliendeleza bonde lile, ambalo kila masika linatuletea vilio, una mpango wa kugeuza sehemu yake kuwa bustani ya jiji. Naomba ukamilike, na utakapokamilika lango lake liwe wazi kwa mtu wa Kigogo kama kwa mtu wa Masaki.

Kuna kero nyingine ndogo inayoua maeneo machache yaliyosalia. Mtu anasimama na kamera kwenye eneo la umma, anatokea mgambo au mtu mwenye fulana tu, anauliza kibali. Kibali cha nini, kinatolewa na ofisi gani, kwa bei gani, hakuna anayeeleza. Inatajwa fedha, inatolewa, risiti haipo. Mpiga picha wa filamu ya biashara atakiwe kibali, sawa. Baba anayempiga mwanawe picha ya Idi uwanjani asisumbuliwe na mtu yeyote. Serikali za mitaa ziliandike hilo, zilibandike ofisini kwa mtendaji, watu walisome.

Wenyeviti wa mitaa tuliowachagua Novemba 2024 bado wana muda wa kufanya kitu kinachoonekana, tena kwa gharama ndogo: kuhesabu maeneo ya wazi yaliyobaki, kuyawekea mipaka, kupanda miti kumi ya kivuli na kuweka mabenchi mawili. Lakini hawatafanya bila kuulizwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Omba mchoro wa mipango miji wa eneo lenu uwekwe mezani, onyesha kwa kidole palipoandikwa eneo la wazi, na uulize mbele ya watu nani yuko pale sasa hivi na kwa karatasi gani. Usikae chini mpaka ujibiwe.